DARAJA LILILOTUNGIWA WIMBO

Mpigaji wa lulanga akiisha kupiga, katika nyumba yoyote ya Bushi, hakosi kupatikana mmoja wa wasikilizaji atakayemwuliza: «Wimbo huu waitwaje?» Naye mpigaji, kabla ya kujibu, hufuta jasho, hupokea kinywaji chake, kisha hutaja jina. Mara ni jina la mwami wa zamani, mara la ng'ombe mwenye sifa, mara la mtu aliyeachwa na mkewe. Tena mara nyingine jina halitoshi, yambidi aeleze kisa chake, na kisa kikawa kirefu kuliko wimbo wenyewe.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kisa cha wimbo mmoja wa mbali sana, wa nchi ya Uskoti, ambao jina lake si la mfalme wala la ng'ombe. Ni jina la daraja. Wimbo huo hauna maneno hata moja, wapigwa kwa fidla tu. Na ijapokuwa umepita umri wa miaka mia mbili, wapigaji wa Uskoti waujua hata leo, na wale waliohamia Kanada na Marekani waliuchukua pamoja nao.

Uskoti ni upande wa kaskazini wa kisiwa kikubwa cha Uingereza, nchi ya milima, mvua na baridi. Watu wetu wa maziwa makuu wamepata kuisikia kwa sababu ya mtoto wake mmoja, David Livingstone, aliyezaliwa Blantyre mwaka 1813. Ndiye yule aliyeondoka Ujiji kwa mtumbwi mwezi wa Novemba 1871 pamoja na Stanley, wakaenda mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, ili watazame kwa macho yao kama mto Ruzizi watoka ziwani au waingia. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya neno hili, kwa kuwa walitafuta chanzo cha Nili. Wenyeji wa Uvira wangaliweza kuwaambia bila safari yoyote. Mto waingia, nao waanzia hapa kwetu, Bukavu, chini ya macho yetu.

Twautaja Ruzizi kwa makusudi, kwani kisa chetu ni kisa cha mto.

Kwanza lakini tuseme kidogo juu ya fidla na ngoma zake. Jirani zetu wa Rwanda wanayo iningiri, chombo chenye uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde. Fidla ya Wazungu ni ndugu yake mkubwa: ina nyuzi nne, nayo hushikwa chini ya kidevu, na upinde wake hutengenezwa kwa singa za mkia wa farasi. Ilifika Uskoti katika karne ya 17, na katika karne iliyofuata ikashika nchi nzima. Katika nyumba za wakuu na katika maghala ya wakulima, hapakuwa na arusi wala sikukuu ya mavuno bila mpigaji wa fidla.

Ngoma waliyoipenda kuliko zote huitwa reel. Wachezaji, wanne au zaidi, husimama wakitazamana, kisha huenda wakipishana na kuzungukana kama ukindu unavyopishana katika mkeka, halafu hurudi mahali pao na kucheza kwa miguu. Muziki wake ni wa haraka, sauti zake zafuatana sawasawa bila kupumzika, kama mvua juu ya mabati. Iko tena namna ya pili ya ngoma hiyo, ya mwendo wa pole zaidi, iitwayo strathspey. Humo sauti hazifuatani sawasawa: moja fupi, moja ndefu, moja ndefu, moja fupi, tena upinde hukata ghafula, hata msikilizaji ahisi bega lake likiruka lenyewe. Desturi yao ni kuanza na strathspey, na wachezaji wakiisha kupata moto, mpigaji huingia katika reel pasipo kusimama. Jina hili la strathspey maana yake ni bonde pana la mto Spey. Kwa hiyo ngoma yenyewe yataja mto, na wimbo wetu, ulio wa namna hiyo, wataja daraja lililo juu ya mto huo huo: Craigellachie.

Mto Spey una urefu wa kilometa 172 hivi. Watoka katika ziwa dogo milimani, wapita katika mashamba ya shayiri na misitu ya misonobari, kisha waingia baharini upande wa kaskazini-mashariki. Ruzizi wetu, toka Bukavu hata ziwa Tanganyika, hauzidi sana kilometa 117. Lakini katika njia hiyo fupi washuka kadiri ya meta 690, ndiyo maana waliweza kujenga mtambo wa umeme pale Mururu. Spey hauna maporomoko ya namna hiyo. Walakini Waskoti wauogopa, kwa kuwa ndio mto wao uendao mbio kuliko yote, na mvua zikinyesha milimani maji yake hupanda kwa saa chache. Asubuhi mtu huvuka akiwa na maji ya magoti, jioni mto huchukua ng'ombe na zizi lake.

Basi watu walivukaje? Walivuka kwa vivuko vya miguu wakati wa kiangazi, na kwa mashua wakati mwingine. Msomaji wa Bukavu, Kalehe au Idjwi hana haja ya kufundishwa habari za mashua. Sisi sote twajua jinsi abiria wanavyosongamana bandarini siku ya soko, kila mtu na magunia yake, na nahodha asiyetaka kumwacha hata mmoja kwa kuwa kila mmoja ni nauli. Mwezi wa Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama toka ufukoni, wala si mara ya kwanza kwa ziwa Kivu kupokea watu wetu namna hiyo.

Neno hili hili liliwapata Waskoti. Tarehe 16 Agosti 1809, huko kaskazini mwa Spey, katika ghuba ya Dornoch, palikuwa na mashua ya kuvusha watu kwenda gulioni Tain. Watu walikuwa wengi, mashua ilikuwa moja, wakapanda zaidi ya mia. Katikati ya maji mashua ikazama. Walikufa watu wapata 99, wanawake kwa wanaume waliokuwa wamebeba vitu vyao vya kuuza. Vijiji kadhaa vya upande ule vilifiwa siku moja. Baada ya msiba huo kilio cha kutaka daraja hakikuzimika tena.

Serikali ilikuwa imekwisha weka tume ya barabara na madaraja ya milimani toka mwaka 1803. Kanuni yake yafaa ikumbukwe: nusu ya gharama ilitoka katika hazina ya serikali, na nusu ya pili ilitolewa na wenye mashamba wa mahali penyewe. Mhandisi wa tume hiyo alikuwa Thomas Telford, naye si mtoto wa wakuu. Alizaliwa mwaka 1757 katika bonde la Esk, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kondoo wa watu wengine, akafariki mtoto akiwa na miezi michache tu. Mama mjane alimlea kwa msaada wa jirani. Kijana alifunzwa uashi, akachonga mawe kwa mikono yake, akajisomea vitabu usiku, akapanda cheo kwa cheo mpaka mfalme wa nchi nyingine akamwita kwa kazi ya mfereji. Alipokufa mwaka 1834 walimzika Westminster, London, katika kanisa lile lile walimozikwa wafalme wa Uingereza wa zamani. Katika milima ya Uskoti peke yake alisimamia barabara za zaidi ya kilometa 1,400 na madaraja zaidi ya elfu, makubwa kwa madogo.

Penye ghuba ya Dornoch, mahali paitwapo Bonar, Telford alijenga daraja la chuma mwaka 1812. Mwaka huo huo akaanza la pili, la namna ile ile, pale Craigellachie juu ya Spey. Jina hilo ni la lugha ya Kigaeli, na sehemu yake ya kwanza maana yake ni mwamba. Kweli, mwamba upo: ukifika ng'ambo ya kaskazini wasimama mbele yako kama ukuta, hata barabara yabidi ipinde ghafula kama kiwiko cha mkono. Tutaona mbele jinsi kiwiko hicho kilivyolimaliza daraja, kwa namna ambayo maji hayakuweza.

Kwa nini chuma, na si mawe? Daraja la mawe lenye upana mkubwa lataka nguzo katikati ya mto. Lakini katika mto uendao mbio maji huchimba chini ya nguzo, siku kwa siku, na wakati wa mafuriko miti iliyong'olewa hukwama katika nguzo hizo, ikageuka kuwa kama boma, maji yakajaa nyuma yake, mwisho boma na daraja vyote huenda pamoja. Telford alitaka kuuruka mto kwa hatua moja. Alichora tao moja la chuma, jembamba sana, lenye upana wa meta 46 toka ukingo hata ukingo, bila nguzo yoyote majini. Chuma chenyewe kilikuwa cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma cha namna hiyo ni kigumu mno kikibanwa, lakini kikivutwa huvunjika kama kigae. Kwa hiyo hufaa katika tao, ambamo kila kipande humkandamiza mwenzake. Hata hivyo katika tao jembamba kama hili ziko sehemu zinazovutwa kidogo mzigo unapopita. Katika miaka ya 1960 wataalamu walipokipima chuma hicho, waliona kwamba kina nguvu ya kuvumilia kuvutwa kuliko chuma cha kawaida cha namna yake. Yaonekana mwana wa mchungaji alijua alichokiagiza.

Vipande havikusubiwa Uskoti. Vilifanywa mbali, katika nchi ya Wales, katika kiwanda cha Plas Kynaston, na fundi William Hazledine. Toka hapo vilipakiwa katika mashua za mfereji, vikapita juu ya bonde refu katika mfereji ulioinuliwa angani kwa nguzo za mawe, ambao nao ni kazi ya Telford. Vikaingia baharini, vikazunguka kisiwa mpaka mlango wa mto Spey, vikapandishwa katika magari ya kukokotwa na farasi, vikafika Craigellachie. Mwaka 1814 daraja likawa tayari. Kila upande wameweka minara miwili ya mawe, yenye kimo cha meta 15 na vitundu vya kupigia mishale, kama ngome ya kale. Mishale gani, mwaka 1814? Hatujui nani angeshambulia daraja hilo, labda kondoo. Lakini kila zama ina mapambo yake, na sisi tumeona nyumba hapa mjini zenye simba wa saruji mlangoni.

Tuje sasa kwa mwenye wimbo.

William Marshall alizaliwa Fochabers, kijiji kilicho karibu na mlango wa Spey, mwezi wa Desemba 1748. Wazazi wake walikuwa maskini. Shule aliipata kwa miezi michache tu, na alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi aliwekwa kuwa mtumishi katika nyumba ya Duke wa Gordon, mkuu aliyekuwa na mashamba yasiyohesabika katika upande ule. Ukuu wake msomaji ataufahamu kwa jambo moja: kijiji cha Fochabers kilikuwa karibu mno na ngome yake, hakikumpendeza, basi mwaka 1776 kikaanza kujengwa upya mahali pengine. Marshall aliyaona hayo. Yeye alisafisha vyombo, akahudumia mezani, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa nyumba nzima.

Lakini mtumishi huyo alikuwa na akili isiyolala. Alijifunza mwenyewe hesabu, upimaji wa ardhi, na elimu ya nyota. Alitengeneza saa kwa mikono yake, mojawapo yenye kuonyesha hata mambo ya mbingu. Alifundisha kozi wa kuwindia, alikuwa hodari wa kukimbia na kucheza ngoma. Na zaidi ya yote alipiga fidla. Wageni wa Duke walikula chakula alichowaandalia, kisha wakacheza nyimbo alizozitunga. Ukitazama majina ya nyimbo zake utawaona wageni hao wote wamepangwa: bibi fulani, bwana fulani, binti wa jemadari fulani. Mtumishi hulipa heshima kwa sarafu aliyo nayo. Robert Burns, mshairi mkuu wa Uskoti, alimsifu kuwa wa kwanza kwa kutunga strathspey katika zama zake, na wimbo mmoja wa Marshall aliutilia maneno ya mapenzi kwa ajili ya mkewe.

Kadiri ya nyimbo 250 na zaidi zajulikana kuwa zake. Nyingine ni ngumu kwa vidole. Wapigaji walipomlalamikia, yasimuliwa kwamba aliwajibu kuwa hawatungii wazembe, na kwamba dawa ya ugumu ni kuzidi kujizoeza. Sisi twampenda kwa jibu hilo, ijapokuwa twahurumia wanafunzi wake.

Mwaka 1790 aliacha kazi ya nyumbani, akawa mkulima, tena msimamizi wa mashamba ya Duke, mwenye kupima ardhi, kukusanya kodi na kuangalia barabara. Mwaka 1817, sasa mzee, alistaafu, akakaa katika nyumba ndogo iitwayo Newfield, karibu na Craigellachie. Tazameni basi: mtu aliyezaliwa penye mlango wa Spey, aliyefanya kazi maisha yake yote katika bonde hilo, aliyejua kwa hesabu maana ya tao na uzito, sasa akaa katika uzee wake karibu na daraja jipya ambalo watu walitoka mbali kulitazama. Je, angeweza kukaa kimya? Mwaka 1822 alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo zake. Miongoni mwa majina ya mabibi na mabwana limo jina hili la chuma na mawe: Daraja la Craigellachie.

Mtu atauliza: wimbo usio na maneno wawezaje kusema habari za daraja? Hauwezi kusema, ni kweli. Asiyeambiwa jina lake hatadhani kamwe kwamba asikia habari za tao la meta 46. Nasi hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba sauti zipandazo ni minara na zishukazo ni maji. Maneno ya namna hiyo huandikwa na watu waliokosa la kusema. Ulilo nalo wimbo ni mwendo wenye nguvu, wa kujiamini, ukanyagao chini kama mtu avukaye bila hofu. Una sehemu mbili, kila moja yapigwa mara mbili. Dakika moja yautosha. Jina limefungwa juu yake kama jina la babu afungiwavyo mtoto mchanga. Lakini wapigaji wakiisha kulitaja mara elfu, wimbo na daraja havitengani tena.

Miaka saba baada ya kitabu kutoka, daraja lilipata mtihani wake. Tarehe 3 na 4 Agosti 1829, baada ya kiangazi cha joto kali, mvua ilinyesha juu ya milima ya kaskazini-mashariki kwa namna ambayo wazee hawakupata kuiona. Mito ya Nairn, Findhorn, Lossie, Spey na Dee ilipanda yote pamoja. Nyumba zilichukuliwa, mashamba yakafunikwa kwa changarawe, watu wakakaa juu ya mapaa usiku kucha wakingoja mashua. Bwana Thomas Dick Lauder, aliyekaa upande ule, alizunguka baadaye kukusanya habari kwa watu wenyewe, akazitoa katika kitabu mwaka uliofuata. Waskoti huyaita mafuriko hayo kwa jina moja tu, maana yake «gharika kubwa».

Kule Fochabers, nyumbani kwa Marshall, palikuwa na daraja la mawe lenye matao manne, zuri, la miaka isiyofika thelathini. Mto ulibomoa matao mawili. Wenye kuishi juu zaidi, Craigellachie, waliyaona maji ya hudhurungi yakipita chini ya lile tao jembamba, yamebeba miti, mizoga na vipande vya nyumba. Hapakuwa na nguzo ya kukwamisha. Maji yakapita, daraja likabaki. Marshall alikuwa hai, mwenye miaka 80, karibu na mahali hapo. Alikufa mwaka 1833, akazikwa katika makaburi ya Bellie, karibu na Fochabers.

Ndugu yake daraja hili, lile la Bonar lililozaliwa kwa sababu ya msiba wa mashua, lilivumilia kwa miaka 80. Yasemekana mtu mmoja aliyeliona toka mbali alilidhani kuwa utando wa buibui, akaogopa kulikanyaga, na alipofika akalistaajabia. Lakini mwezi wa Januari 1892 mafuriko yalilichukua, ikabidi lijengwe jingine. Kwa hiyo la Craigellachie limebaki kuwa shahidi wa yote mawili.

Maji hayakuliweza, motokaa ziliweza. Daraja la farasi na mikokoteni lilianza kupitiwa na malori makubwa. Mwaka 1963 lilifungwa ili litengenezwe, mwaka 1964 likafunguliwa tena, lakini kwa sharti kwamba gari lisizidi tani 14. Na kile kiwiko cha barabara mbele ya mwamba kiliwashinda madereva wa magari marefu. Basi lilijengwa daraja jipya la saruji karibu yake, na toka mwaka 1972 la Telford limeachiwa watu wa miguu na wa baisikeli. Serikali imeliandika miongoni mwa majengo ya heshima ya daraja la kwanza, yasiyoweza kuvunjwa wala kubadilishwa ovyo. Watu huenda kutembea juu yake na kutazama wavuvi wa samaki aina ya salmoni wakisimama majini chini ya tao.

Mto nao ulipata wimbo wake. James Scott Skinner, mpigaji mashuhuri aliyeishi toka 1843 hata 1927, alitunga reel ya kasi aliyoiita kwa jina la Spey unapofurika. Wapigaji wengine huziunganisha nyimbo hizo mbili, daraja kwanza, mafuriko nyuma yake, nasi twaona wamefanya vema, maana ndivyo mambo yalivyotokea.

Iko sababu moja iliyotufanya tulete kisa hiki katika gazeti la Bukavu. Marshall aliandika nota zake, akazipiga chapa, akatia jina juu ya kila wimbo. Kwa hiyo leo twaweza kusema mwaka, mahali na mtu. Nyimbo za lulanga nazo zina majina, nazo zina visa. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani mmoja, Alan Merriam, alikaa kati ya Washi akisikiliza muziki wao. Mwaka 1954 na 1955 alichapisha maandiko juu ya maneno ya nyimbo zao na juu ya vyombo vyao. Maandiko hayo yako katika maktaba za ng'ambo kuliko katika shule zetu. Wapigaji aliowasikia yeye wamekwisha kufa. Lulanga ina uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huku juu ya ubao uliochimbwa. Ukikatika mahali pamoja, wote hulegea. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu, aliye na babu anayekumbuka bado wimbo wenye jina la kilima fulani au la kivuko fulani cha Ruzizi, anayo kazi ambayo hakuna mgeni atakayemfanyia vizuri kama yeye mwenyewe. Aanze kwa kumwuliza babu swali lile tulilolitaja mwanzoni, kisha aandike jibu lote, hata likiwa refu kuliko wimbo.

Daraja jipya la Craigellachie, lile la saruji, hupitiwa na magari mengi kila siku, nalo ni imara, pana, halina minara. Limekwisha pita miaka hamsini. Fidla zikianza kupigwa katika vijiji vya bonde, jina linalotajwa ni la lile la zamani.